MUYBRIDGE: MTU ALIYEMSIMAMISHA FARASI HEWANI

Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walipotaka kuonyesha farasi anayetimua mbio, walimchora karibu wote kwa namna moja: miguu miwili ya mbele imenyooshwa mbele, miwili ya nyuma imenyooshwa nyuma, tumbo limekaribia majani, na mnyama mzima anaelea kama mshale uliokwisha kutoka upindeni. Ndivyo alivyochora Mfaransa Théodore Géricault mwaka 1821 alipoonyesha mashindano ya farasi ya Epsom, Uingereza, katika picha iliyomo katika jumba la Louvre mjini Paris. Ndivyo walivyochorwa askari wapanda farasi katika picha nyingi za vita zilizotundikwa kwenye kuta za wafalme. Majemadari waliotumia maisha yao juu ya tandiko walizitazama picha hizo wakaridhika nazo. Watunzaji wa farasi, waliolala zizini pamoja na wanyama wao, hawakuzipinga. Jicho la binadamu haliwezi kuifuata miguu minne iendayo kwa kasi ile, na pale jicho linaposhindwa, mazoea hujaza pengo.

Aliyeyavunja mazoea hayo hakuwa mchoraji, wala hakuwa mwanasayansi. Alikuwa muuza vitabu aliyegeuka mpiga picha, mtu mwenye ndevu ndefu na tabia ngumu, aliyepata kufanya kazi chini ya jeshi na aliyepata kusimama kizimbani kwa kosa la kuua. Jina lake ni Eadweard Muybridge. Wanaohusika na ulinzi na usalama wana sababu yao ya pekee ya kuyajua maisha yake, kwa maana tangu mwanzo hadi mwisho yanahusu jambo moja ambalo askari na polisi hukutana nalo kila siku ya kazi: ni kitu gani ambacho mtu aliyeona kwa macho yake anaweza kukiapia?

Alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1830, katika mji wa Kingston upon Thames karibu na London, akapewa jina la Edward James Muggeridge. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya nafaka na makaa ya mawe, akafariki mtoto huyu akiwa na umri wa miaka 13. Mji wa Kingston unajivunia kwamba wafalme wa kale wa Waingereza walitawazwa pale, na mwaka 1850 jiwe la kutawazia lilisimamishwa hadharani likiwa limechongwa majina yao kwa maandishi ya zamani. Huko ndiko inakoaminika kwamba kijana huyu alipata namna ya ajabu ya kuliandika jina lake la kwanza. Jina la ukoo naye alilibadilisha zaidi ya mara moja kabla ya kutua kwenye Muybridge. Mtu wa namna hii huwasumbua sana makarani wa kuandikisha watu, na tutaona kwamba usumbufu huo ulimfuata hadi kaburini.

Alikwenda Marekani akiwa kijana wa miaka kama 20, akauza vitabu New York, kisha mwaka 1855 akahamia San Francisco, mji uliokuwa ukikua kwa haraka kwa sababu ya dhahabu ya California. Biashara ilimwendea vizuri. Mwaka 1860 aliianza safari ya kurudi Ulaya kwa gari la abiria lililokokotwa na farasi. Walipofika Texas farasi walishikwa na kichaa cha mbio, dereva akashindwa kuwazuia, gari likapinduka. Muybridge aliumia kichwa vibaya. Kwa muda mrefu aliona kila kitu kikiwa viwili viwili, na akapoteza uwezo wa kunusa na kuonja. Alitibiwa New York, kisha London kwa tabibu mashuhuri Sir William Gull, na kampuni ya magari ikamlipa fidia ya dola 2,500. Rafiki zake waliomjua kabla na baada ya ajali walieleza baadaye, mbele ya mahakama, kwamba aliyerudi hakuwa mtu yule yule. Alikuwa mwepesi wa hasira, asiyejali mavazi, na asiyejali hatari.

Aliporejea San Francisco mwaka 1867 hakuwa tena muuza vitabu. Alikuwa mpiga picha aliyejiita Helios, yaani jua kwa lugha ya Kiyunani.

Kazi ya picha katika siku hizo ilikuwa kazi ya ushupavu. Mpiga picha alichukua kioo kitupu, akakipaka utomvu ulioitwa kolodioni, akakitumbukiza gizani katika dawa yenye madini ya fedha, akakitia ndani ya kamera kingali kimelowa, akaondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono, akahesabu sekunde, akakifunika, kisha akakimbilia hemani kukisafisha kabla hakijakauka. Yote hayo ilibidi yamalizike kwa dakika chache. Muybridge alivipandisha vioo vyake, chupa za dawa na hema la giza juu ya majabali ya bonde la Yosemite kwa msaada wa nyumbu na wapagazi, akasimama kwenye kingo ambazo wengine waliogopa kuzikaribia, na picha alizoteremka nazo zikampa sifa.

Hata hivyo dawa zile zilikuwa na kasoro moja. Ziliushika mno mwanga wa buluu, hivyo mbingu ilitokea nyeupe tupu kama shuka, bila wingu hata moja. Muybridge alitengeneza mwaka 1869 kifaa cha kuukinga mwanga wa mbinguni ndani ya kamera, lakini mara nyingine alitumia njia ya mkato iliyokuwa ya kawaida kwa wapiga picha wa wakati ule: aliyatoa mawingu kwenye kioo kingine, cha siku nyingine na mahali pengine, akayabandika juu ya milima yake. Picha ikapendeza. Je, ilikuwa kweli? Swali hilo tuliweke kando kwa muda mfupi.

Jeshi la Marekani lilimtumia mara mbili. Mwaka 1868 alifuatana na Jenerali Henry Halleck hadi Alaska, nchi ambayo Marekani ilikuwa imeinunua kwa Urusi mwaka uliotangulia kwa dola milioni 7.2, akawaonyesha Wamarekani sura ya mahali walipopalipia. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1873 katika vita vya Wamodoc, kaskazini ya California. Wamodoc walikuwa wenyeji wa nchi hiyo, waliokataa kubakizwa katika eneo walilopangiwa na serikali. Chini ya kiongozi wao Kintpuash, ambaye Wazungu walimwita Captain Jack, wapiganaji wasiozidi 60 hivi, wakiwa na wake na watoto wao, walijificha katika uwanda wa mawe ya volkano, wenye mapango na mifereji ya asili iliyokuwa kama mahandaki yaliyochimbwa tayari. Mamia ya askari waliowazingira walishindwa kuwatoa kwa miezi kadhaa. Mwezi wa Aprili Jenerali Edward Canby aliuawa katika mkutano wa mapatano. Mwisho wake Wamodoc walizidiwa, na Kintpuash akanyongwa mwezi wa Oktoba mwaka huo huo.

Muybridge alizipiga picha za mawe yale ili maofisa walio mbali waelewe ni ardhi ya namna gani inayowashinda askari wao. Kwa kazi hiyo kamera ilikuwa shahidi mzuri. Afisa yeyote aliyeziona aliweza kufahamu kwa nini kikosi kikubwa kilikwama. Lakini wanunuzi wa mijini walitaka pia kumwona adui, na adui hakupatikana kupigwa picha. Basi Muybridge akampanga mtu mwenye bunduki nyuma ya jiwe, akilenga shabaha, akaiuza picha hiyo kuwa ni ya shujaa wa Kimodoc vitani. Kumbe mtu yule alikuwa mpelelezi wa kabila jingine, mmoja wa wenyeji wa Warm Springs waliokuwa wakilitumikia jeshi dhidi ya Wamodoc. Bunduki ni ya kweli, jiwe ni la kweli, mtu ni wa kweli. Maneno yaliyoandikwa chini ndiyo ya uongo. Kila askari wa upelelezi na ajifunze hapo jinsi picha isiyoguswa hata kidogo inavyoweza kusema uongo kwa kinywa cha yule anayeieleza.

Mtu aliyeubadilisha mwendo wa maisha yake alikuwa Leland Stanford, tajiri wa reli, aliyepata kuwa gavana wa California. Stanford alipenda farasi wa mbio kama wengine wapendavyo dini. Mabishano ya wapenda farasi wa wakati ule yalihusu farasi anayekimbia kwa mwendo wa wastani: je, iko nukta ambapo kwato zote nne zimeondoka ardhini? Stanford aliamini iko. Watu husimulia kwamba alikuwa ameweka dau la dola 25,000, lakini hadithi hiyo haina hati yoyote nyuma yake, na mtu mwenye busara haipeleki mahakamani. Mwaka 1872 alimwita Muybridge ampige picha farasi wake aliyeitwa Occident. Katika majaribio ya mwaka huo na uliofuata ilipatikana picha hafifu kama kivuli, iliyotosha kumridhisha tajiri bali haikutosha kumshawishi mtu mwingine.

Ndipo kazi ikakatizwa na msiba.

Muybridge alikuwa amemwoa mwaka 1871 msichana aitwaye Flora, aliyekuwa na nusu ya umri wake. Safari zake za milimani zilikuwa ndefu, na mjini alikuwako mtu mcheshi, mwandishi wa habari za maigizo, aliyejiita Meja Harry Larkyns. Mwezi wa Aprili 1874 Flora alijifungua mtoto wa kiume. Mwezi wa Oktoba Muybridge aliiona picha ya mtoto huyo nyumbani kwa mkunga, na nyuma yake, kwa mwandiko wa mke wake, mtoto amepewa jina la Harry. Siku hiyo hiyo, tarehe 17 Oktoba, alipanda meli, akapanda gari moshi, akakodi gari la farasi usiku, akaufikia mgodi mmoja karibu na mji wa Calistoga ambako Larkyns alikuwapo. Alimwita atoke nje, akampiga risasi moja, naye akafa. Hakukimbia. Alikamatwa, akapelekwa gerezani Napa.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Februari 1875. Wakili wake aliieleza mahakama kwamba ajali ya Texas ilikuwa imemharibu akili, na mashahidi wakaitwa kuthibitisha. Jaji aliwaeleza raia 12 wa baraza la mahakama kwamba sheria ya California haimruhusu mume kumwua mtu kwa sababu ya mke. Kama hakuwa na wazimu, basi ana hatia. Raia wale walikaa usiku kucha. Walipotoka walikuwa wameukataa wazimu, na wameikataa hatia pia. Walisema kwa uamuzi wao kwamba wangekuwa mahali pake wangetenda vile vile, wakamwachia huru.

Watu waliokuwa nje ya mahakama walimshangilia. Sisi hatuna sababu ya kushangilia. Mtu aliyesafiri nusu siku na bastola mfukoni hawezi kusemwa kwamba alipotewa na fahamu kwa ghafula, na raia walioapa kuifuata sheria waliiweka kando wakafuata mila ya wanaume wa mji wao. Flora alifariki mwezi wa Julai mwaka ule ule, angali kijana, wakati mumewe akiwa Amerika ya Kati akipiga picha za mashamba ya kahawa ya Guatemala. Mtoto aliwekwa katika nyumba ya yatima, akakua, akafanya kazi za shamba na bustani, akafa mwaka 1944 kwa kugongwa na motokaa mjini Sacramento. Waliomtazama katika picha zake za utu uzima huona sura ya Muybridge mwenyewe.

Mwaka 1877 Stanford alimrudisha kazini, safari hii kwa fedha za kutosha. Katika shamba lake la Palo Alto lilijengwa banda refu kando ya njia ya farasi. Ndani yake zilipangwa kamera 12, na baadaye 24, zikitazama upande mmoja. Ng'ambo ya njia kulikuwa na ukuta mweupe uliotiwa alama za vipimo, na njia yenyewe ilimwagiwa chokaa ili mwanga urudi kwa wingi, kwani dawa za vioo vya siku zile zilikuwa nzito kushika picha. Kifuniko cha kuondolewa kwa mkono kisingefaa kitu. Fundi wa kampuni ya reli, John Isaacs, alisaidia kubuni vilango vya kamera vilivyofyatuliwa kwa umeme. Farasi alipopita, nyuzi zilizotandwa kukatisha njia zilikatika moja baada ya nyingine, na kila uzi uliokatika ulifunga mkondo wa umeme wa kamera yake. Kwa farasi jike aliyeitwa Sallie Gardner kamera zilitengana kwa inchi 27, na Muybridge alidai kwamba kila kilango hakikuwa wazi zaidi ya sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Vyombo hivi vyote, umeme, vilango na hesabu ya nafasi, vilikuwa ni elimu ya reli na simu ya maandishi iliyohamishwa kutoka stesheni ikaletwa zizini.

Mwezi wa Juni 1878 waandishi wa magazeti waliitwa washuhudie. Vioo vilisafishwa pale pale mbele yao ili pasiwe na fununu ya udanganyifu. Jawabu la mabishano lilikuwa wazi: naam, farasi anaelea. Lakini palikuwa na jambo la pili ambalo hakuna aliyelitazamia. Katika mbio za kasi, nukta ambayo kwato zote nne ziko hewani si ile ambayo miguu imenyooshwa mbele na nyuma. Ni ile ambayo miguu yote imekunjwa na kukusanywa chini ya tumbo, kama vidole vya mkono unaookota punje. Namna ile ya Géricault, iliyochorwa na mabwana wakubwa na kusifiwa na majemadari, haimo kabisa katika mwendo wa farasi.

Watu wengi waliziona picha hizo mbaya, hata za kuchekesha, na baadhi walikataa kuziamini. Mwaka 1879 Muybridge alitengeneza mashine ya kuwajibu, akaiita zupraksiskopu. Ilikuwa taa yenye sahani ya kioo inayozunguka. Picha za farasi zilipangwa ukingoni mwa sahani, na ilipozungushwa, farasi alionekana ukutani akikimbia kama aliye hai. Miguu ile ile iliyochekwa ilipokuwa imesimama, ilipendeza ilipotembea. Hapo wasioamini walinyamaza. Ajabu yake ni kwamba picha za sahani zile zilichorwa kwa mkono kwa kufuatisha zile za kamera, na mchoraji alilazimika kumrefusha farasi kupita kiasi, kwa sababu mashine ilimfupisha. Ili ukweli wa sayansi uonekane kweli, ilibidi mkono wa msanii uupotoshe kwanza.

Vuli ya mwaka 1881 Muybridge alikuwa Paris. Mtu mmoja aliyetaka sana kuonana naye alikuwa Ernest Meissonier, mchoraji mashuhuri wa vita wa Ufaransa. Kwa ajili ya picha yake kubwa ya ushindi wa Napoleon huko Friedland, aliyoimaliza mwaka 1875, Meissonier alikuwa amechunguza farasi kuliko mchoraji yeyote. Shambani kwake alijenga njia ndogo ya reli, akaketi katika kigari na kusukumwa sambamba na farasi anayekimbia huku akiandika anachokiona. Mtu huyu alionyeshwa kwamba hata jicho lake lilikuwa limekosea. Hakubisha. Mwezi wa Novemba aliwakusanya nyumbani kwake wachoraji na waandishi wakubwa wa Paris, akamtambulisha Mwingereza huyo na mashine yake.

Mwaka 1882 mjini London mambo yalikuwa yakimwendea vivyo hivyo. Mwezi wa Machi alizungumza katika Taasisi ya Kifalme mbele ya mwana wa mfalme. Kisha Stanford akachapisha kitabu juu ya mwendo wa farasi kilichoandikwa na daktari rafiki yake, na jina la Muybridge halikupewa heshima yake. Alionekana kama kibarua wa kufyatua kamera. Jumuiya ya wanasayansi iliyokuwa tayari kuipokea makala yake ikasita, ikairudisha. Alimshtaki Stanford, akashindwa.

Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, ndicho kilichomwinua tena. Kuanzia 1884, akitumia vioo vikavu vipya vilivyoshika picha upesi zaidi, alipiga picha za watu na wanyama katika kila mwendo alioweza kuufikiria: kutembea, kupanda ngazi, kubeba ndoo, kupigana mieleka na ndondi, kupigana kwa panga, mtu aliyeshika bunduki, ndege anayeruka, tembo wa bustani ya wanyama. Kazi hiyo ilitolewa mwaka 1887 ikiwa na kurasa 781 za picha, ambazo ndani yake zimo picha kama 20,000. Wachunguzi wa siku za karibuni waliozipitia moja moja wamegundua kwamba mifululizo mingi haikukamilika. Mahali ambapo picha iliharibika, mpangilio ulibadilishwa au pengo likazibwa, ila namba zikaendelea kana kwamba hapana kilichotokea. Ni yale mawingu ya Yosemite tena. Kwa mwanasayansi hilo ni kosa kubwa. Kwa wachoraji halikuwa kitu, na ni wachoraji waliozinunua na kuzitumia kwa hamu.

Mmoja wao alikuwa Thomas Eakins wa Philadelphia, aliyetumia elimu ya picha za Palo Alto mapema, mwaka 1879 na 1880, kuchora gari linalovutwa na farasi wanne. Miguu ya farasi ni sahihi kabisa, kila mmoja umesimama mahali pake. Lakini magurudumu ameyachora yakizunguka kwa ukungu, kama jicho linavyoyaona. Kwa hiyo katika picha moja farasi wamesimama na gari linakwenda! Wakosoaji waliliona hilo mara moja. Edgar Degas wa Ufaransa naye alinakili farasi wa Muybridge kwa kalamu, na farasi wake wa mashindano wakaanza kukunja miguu kwa namna mpya. Mchongaji Auguste Rodin alipinga kabisa. Hoja yake ilikuwa kwamba kamera ndiyo yenye kusema uongo, kwa sababu wakati hausimami, na mtu aliyegandishwa katikati ya hatua huonekana kama aliyepooza. Msanii anayeunganisha nukta mbili tofauti katika mwili mmoja ndiye anayeusema mwendo kwa kweli. Hoja hii ina uzito. Shahidi mwaminifu hasimulii nukta moja, husimulia tukio.

Njia ya tatu ilitoka kwa daktari Mfaransa aliyekuwa mwenzi na mpinzani wa Muybridge, Étienne-Jules Marey. Mwaka 1882 Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, yenye mtutu, kitako na kifyatulio, iliyochukua picha 12 kwa sekunde moja. Alilenga ndege akafyatua, na ndege akaendelea na safari yake salama. Baadaye aliwavika watu nguo nyeusi zenye mistari myeupe, wakiwemo askari wa mazoezi ya viungo, akazipiga hatua zao zote juu ya kioo kimoja, hata mtu akageuka kuwa safu ya mistari inayofuatana. Wasanii vijana walipoiona mistari hiyo walitambua kwamba si lazima wachague kati ya kamera na Rodin. Mwaka 1912 Mwitalia Giacomo Balla alichora mbwa mdogo mwenye miguu na mikia mingi kwa pamoja. Mwaka huo huo Marcel Duchamp alichora mtu anayeshuka ngazi, hatua zote zikiwa zimerundikana juu ya turubai moja. Hata wenzake wa Paris walimshauri aiondoe. Mwaka 1913 ilipelekwa New York, katika maonyesho yaliyofanyika ndani ya ghala la silaha na uwanja wa gwaride wa Kikosi cha 69, na watu wakapanga mstari kuicheka. Historia ya sanaa ya kisasa nchini Marekani huanza kuhesabiwa katika jengo hilo la askari. Miaka mingi baadaye, mwaka 1953, mchoraji Francis Bacon wa London aliwachukua wanamieleka wa Philadelphia akawafanya picha ya kutisha ya miili miwili iliyoshikamana. Bacon alikufa mwaka 1992, na katika maisha yake yote ya kazi kurasa za Muybridge hazikukosekana sakafuni kwake.

Muybridge mwenyewe hakuyaona hayo. Alikuwa amezungumza na Thomas Edison mwaka 1888 kuhusu kuiunganisha mashine yake na ile ya sauti. Edison akaendelea peke yake kwa njia yake. Katika maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893 Muybridge alijengewa ukumbi wa kuonyesha sahani zake, lakini watu walipita wakaenda kutazama mambo mengine. Miaka miwili baadaye ndugu wawili Lumière walionyesha sinema Paris, na sahani ya kioo ikawa kitu cha kale. Alirudi Kingston, akatoa vitabu viwili vya kuzikusanya picha zake, mwaka 1899 na 1901, akaishi nyumbani kwa jamaa yake.

Alifariki tarehe 8 Mei, 1904, akiwa na umri wa miaka 74, wakati akichimba katika bustani mfano mdogo wa Maziwa Makuu ya Amerika. Marey, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, alimfuata mwezi ule ule. Mwili wa Muybridge ulichomwa huko Woking, na fundi wa jiwe la kumbukumbu akakosea kulichonga jina, akaandika Maybridge. Mashine ya kuzungushia farasi na sahani zake za kioo aliziachia mji wa Kingston, na zimehifadhiwa huko.